Mke wa Komini

Mkaguzi wa bima alipofika Gatsata, Mukasine alikuwa ameshaanza kumtukana mume wake. Sauti yake ilizidi hata honi za mabasi kule chini Nyabugogo.

"Sukari iko wapi, Eustache? Hata sukari unanificha?" Alifungua makopo matatu, akayafunga kwa kishindo. Eustache aliinama tu, kofia mikononi.

Mkaguzi, Bwana Hakizimana, aliketi bila kukaribishwa. Alikuwa na kalamu tatu mfukoni na sura ya mtu aliyechoka kudanganywa. Bima ya kiwanda cha magodoro, alisema, inamlipia operesheni mke mmoja tu: aliyeandikishwa komini, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, na anayeishi na mumewe. Walioachana, hapana. Na huko kiwandani watu wanasema Eustache na mkewe waliachana zamani.

Daktari alikuwa ameshasema: uvimbe utolewe wiki hii, la sivyo utaua. Eustache asingeweza kuilipia operesheni ile hata angeuza nyumba na mabati yake.

"Jina langu unalo hapo," alisema Mukasine. "Burugumesta mwenyewe, mkuu wa komini, alitufungisha ndoa mwaka wa themanini na tatu. Unataka nini tena?"

"Mgonjwa ni nani?"

"Mimi."

"Madamu, haufanani na mgonjwa."

"Ulitaka unikute kwenye sanduku?"

Chumbani mtu akagumia. Hakizimana akageuza shingo. "Kule iko nani?"

"Mgeni wa mume wangu. Alikuja, akapapenda, hatoki."

Eustache alifungua mdomo. Mukasine akamkazia macho, naye akaufunga.

Mkaguzi akasimama. Alitaka kukiona kitanda, ajue kama kweli wawili hawa wanalala pamoja. Mukasine akamwahi, akajibandika mlangoni, mkoba bado uko begani.

"Hiki kitanda nilinunua mimi, kwa pesa ya cherehani yangu! Huyu mwanaume hakutoa hata msumari! Na wewe, mke wako anaacha wanaume wageni waingie kuangalia kitanda chake?"

Hapo machozi yakamtoka. Alimtazama Eustache kwa chuki ya miaka mingi, chuki isiyoweza kuigizwa.

Hakizimana akarudi nyuma. Nyumba alizokagua ni nyingi, na waongo aliwajua: hushikana mikono, wakaitana mpenzi. Hawa walikuwa mume na mke bila shaka yoyote, maskini wa Mungu. Akapiga muhuri kwenye karatasi ya hospitali, karatasi isiyo na picha, jina tu. Akaiacha mezani na kuondoka bila kungoja chai.

Eustache akanong'ona, "Mukasine, Mungu akubariki..."

"Nyamaza. Sikuja kwa ajili yako."

Akaichukua karatasi, akausukuma mlango wa chumbani. Kwenye kitanda chake alilala Scovia, mwanamke aliyemfukuzisha katika nyumba hii miaka minne iliyopita, midomo imemkauka kwa maumivu. Mukasine akamtupia karatasi kifuani.

"Kesho hospitalini wakiita Mukasine, itika," alisema. "Na upone upesi. Sijamaliza kukuchukia."