Taa ya Chumba cha Pili

"Usicheke, Babu! Unaniharibia upweke wangu."

Mzee, fundi cherehani mstaafu, akafumba mdomo. Mabega yakaendelea kucheka yenyewe. Alikuwa ameketi mezani, uso kaugeuzia dirishani, mikono kailaza mapajani kama alivyoagizwa. Binti mpiga picha alikuwa amepiga magoti sakafuni, shuka jeusi begani, akihangaika kuifanya nyumba iliyojaa watu ionekane haina mtu.

Kazi haikuwa ndogo. Picha zake mbili za upweke mwalimu wake alikwisha kuzirudisha. "Huu si upweke," alimwambia. "Huyu ni mtu aliyeambiwa anune." Ya tatu nayo ikikataliwa, ukuta wa maonyesho ya darasa utajaa kazi za wenzake, na yeye kazi yake iwe kuwashikia ngazi. Ndipo alipoukumbuka uso wa mzee wa nyumba ya kona, uso wenye mikunjo inayojua kushika mwanga. Kasoro ilikuwa moja tu: mwenye uso ana familia. Kila jioni akipita barabarani, binti huona madirisha mawili yana taa, na jozi tatu za kandambili za watoto mlangoni.

Basi akaanza kupunguza. Akaondoa kikombe cha pili mezani. Akakunja mtandio wa kike uliokuwa umetupiwa kitini. Akaokota kandambili mojamoja, akaigeuza ya mwisho.

"Babu, wajukuu zako wanatembea au wanapaa? Safi kuliko sahani zangu!"

"Muulize bibi yao. Ukimletea tope ndani, utalala nalo."

"Yuko wapi nimsalimie?"

"Kajilaza mle ndani, mwanangu, kichwa kinamgonga. Hao wadogo wameniponyoka, wako nje kwenye michezo yao, peku kama kawaida." Akaelekeza kidevu kwenye mlango wa chumba cha pili. Chini yake mwanga mwembamba ulikuwa ukichungulia.

Mwanga huo ndio uliokuwa ukimkera mpiga picha. Ulikuwa wa manjano, wenye joto, na kwenye kamera ulisema waziwazi kwamba kuna mtu.

"Babu, hiyo taa nayo... tungeizima kidogo tu."

Mzee aliutazama ule mwanga. Kisha akainuka, akagonga mlango kwa kidole, akaingia akinong'ona, "Vumilia, mama. Napigwa picha, nimekuwa mtu mkubwa leo."

Taa ikazimika. Aliporudi kitini hakuhitaji kuelekezwa. Mwanga wa dirishani ulimgusa shavu moja, la pili likamezwa na kiza, na macho yake yakatua mezani, pale kikombe kilipokuwa.

Binti alibofya mara moja tu. Alipoitazama ile picha, hakutaka kupiga nyingine.

"Babu, ulipotea njia. Wewe ni mwigizaji!"

"Nimeshona maisha yangu yote. Kuficha mshono ndiyo kazi yangu."

"Haya, ngoja nikurudishie vitu vyako. Nisije nikakugombanisha na bibi."

"Viache. Mpangilio wake naujua mwenyewe."

Binti akafunga mkoba wake, akashukuru mara mbilimbili, akaondoka na furaha iliyochanganyika na aibu. Ukuta ameupata, ila ameupata kwa kumsingizia upweke mzee wa watu.

Mzee akarudisha kikombe. Akautupia mtandio kitini, akarudi nyuma hatua, akaushusha upande mmoja. Kandambili akazipanga mlangoni, moja akaipindua kama iliyovuliwa na mtoto mwenye haraka. Chini ya kisigino, karatasi ya bei ilikuwa bado imeganda. Akaingia chumba cha pili, ambamo hamkuwa na kitu ila taa, akaiwasha.

Kisha akavuka barabara, akasimama pale wanapopita watu, akafumba jicho moja kuitazama nyumba yake. Pazia la dirisha la kushoto, aliona, lingependeza zaidi likiachwa wazi kidogo.