Zamu ya Chepe

Nguchiro wa kichuguu kimoja waliishi kwa zamu. Wenzake wakitafuta wadudu, mmoja alikaa juu na njaa yake akilinda. Akimwona tai alipiga mbinja, wote wakakimbilia shimoni. Chepe hakuipenda kabisa zamu yake.

“Ndugu yangu, tumbo linaniuma kwa njaa,” alimwambia rafiki yake Tunu. “Nishikie zamu, leo tu.”

“Zamu iliyopita pia ulisema leo tu,” Tunu akacheka. “Haya, nenda ukale.” Akapanda.

Chepe akafuata panzi mpaka akafika mbali. Mara mbinja ikalia. Wenzake wote wakaingia shimoni, yeye bado yuko mbioni, na kivuli cha tai kiko juu yake. Tunu hakujificha. Alizidi kupiga mbinja, kwa nguvu, mpaka kile kivuli kikamwacha Chepe, kikageukia kichuguuni. Chepe alipofika mlangoni, mbinja ikakatika.

Asubuhi wenzake wakatoka bila Tunu.

“Leo ni zamu ya nani?” mmoja akauliza.

Chepe alikuwa juu tayari, hajala kitu.

“Yangu,” akasema. “Hata jana ilikuwa yangu.”