Nyumba Iliyojaa Watu

Kalamu ilikuwa imeshawekwa juu ya karatasi, mezani kwa Mwalimu Mbarak wa Kiingereza. Ummulkheir alitakiwa atie sahihi kukiri kwamba insha yake ya Kiingereza, ile ya msiba, iliandikwa na akili unde. Asipotia, arudi nyumbani Vanga, na mtihani wa Kidato cha Nne umebakisha wiki sita.

"Nimeiandika mwenyewe," alisema kwa mara ya tatu. Aliona haya hata kumtazama mamake.

Mamake, Mwanasiti, alikuwa bado amesimama mlangoni. Ametoa shikamoo, amefumbata mkoba wake, anangoja aambiwe aingie. Mwalimu Mbarak aliipenda adabu hiyo. Wazazi wa siku hizi huingia ofisini kama wanaingia sokoni.

"Karibu, mama, kaa. Mimi simchukii mtoto wako."

Na kweli hakumchukia. Alichokichukia ni muhula uliopita, alipoisoma insha ya mwanafunzi mmoja mbele ya wazazi huku machozi yakimlengalenga, kumbe imetolewa kwenye simu. Walimu wenzake walimcheka wiki nzima. Tangu siku hiyo, akikutana na sentensi nzuri, huishuku kwanza. Miaka ishirini na sita anasomesha watoto kuandika lugha ya wageni, na leo hata macho yake mwenyewe hayaamini.

"Ni wapi hasa palipoandikwa na mashine?" Mwanasiti aliuliza.

"Hapa." Mwalimu alimfasiria kwa Kiswahili, maana Kiingereza kingemfaa nini muuza pweza. "'Nyumba ilijaa watu, na bado ilikuwa tupu.' Maneno matamu, lakini hayana moyo. Binadamu aliyefiwa hasemi hivi."

"Mama ndiye aliyenifundisha," Ummulkheir alisema kwa sauti ndogo.

Mwalimu alicheka, akaona vibaya kidogo, lakini keshacheka.

"Kazi yangu ya kwanza ilikuwa huko huko kwenu Vanga, shule ya msingi. Nimewasomesha miaka mitatu, nawajua. Usiudhike, mama, lakini sentensi hii haiwezi kutoka kule."

Mwanasiti hakuudhika. Aliisema sentensi nzima kwa Kiingereza, pole pole, bila ya kuitazama karatasi. Kisha akaufungua mkoba, akatoa daftari kuukuu lililofungwa ndani ya mfuko wa nailoni.

"Nilikuwa darasa la saba, nimefiwa na baba," alisema, macho chini. "Niliandika insha, ikasahihishwa, nikaiweka. Huyu nimemfundisha humu tangu alipojua kusoma. Kama ni kosa, basi ni langu, uniwie radhi."

Mwalimu Mbarak alilivuta daftari kama mtu anayekwenda kukamata mwizi. Kurasa zilikuwa zimegeuka manjano. Mwandiko ulikuwa wa kitoto, na sentensi ya Mwanasiti ilikuwa ya kitoto vile vile: watu wengi walikuja nyumbani, nikalia.

Ilikuwa imekatwa kwa wino mwekundu. Juu yake, kwa wino ule ule, paliandikwa ile ya nyumba tupu, na pembeni palikuwa na sahihi ya mwalimu aliyesahihisha: Mbarak.