Simu Nzima

Siku ya Dhanteras, sikukuu ya Wahindu, kila nyumba hununua kitu kipya, isipokuwa nyumba yenye msiba. Hata hivyo Vimlesh alikuja dukani kubadilisha simu ya mumewe apate mpya.

"Watu huniletea simu zilizokufa, mama," muuzaji alimtania. "Hii mbona nzima?"

"Aliyekufa ni mwenyewe."

Muuzaji alijikuna shingo. "Pole sana. Lakini lazima nifute vilivyomo, nayo haifunguki ila kwa uso wake."

Akaigeuza ili akague mgongo wake. Kioo kikaelekea kiti kitupu kando ya Vimlesh.

Simu ikafunguka.

Miguu ya kile kiti cha plastiki ikapinda kidogo, kama inavyopinda mtu akikaa.

"Ni... nifute?"

Vimlesh hakugeuka. "Futa upesi," alinong'ona, "kabla hajaniuliza leo natafuta nini dukani, nami nina msiba."