Muhuri wa Kenge

Wanyama kadhaa walimiliki kichuguu kimoja kwa ushirika, na mwenyekiti wao alikuwa Kenge, aliyeupenda muhuri wake kuliko majirani zake.

Panya Buku akaomba ruhusa ya kuziba ufa ukutani.

"Lipa ada ya fomu, weka amana, kisha ulete saini za majirani wote," Kenge alisema.

Buku akatimiza yote. Kenge akamwambia fomu imebadilishwa jana.

Usiku mvua ikanyesha, ukuta ule ukaporomoka na kuziba mlango wa Kenge.

"Buku, ndugu yangu, nichimbue," Kenge aliomba kutoka ndani.

Buku, aliyekuwa ameshanyanyua jembe, akalitua. "Kuchimba ni ukarabati, Mwenyekiti. Fomu mpya ninayo, na majirani wameshatia saini. Bado muhuri tu, na muhuri unao wewe huko ndani."