Kengele Yako

Ebenyo hakuwa na redio, hakuwa na simu yenye picha, hakuwa na meno ya kutosha kubishana na mtu, na tangu Jumatatu hakuwa na amani. Lodwar nzima ilikuwa ikiimba wimbo wake.

Aliutunga ujanani, huko Nakalale. Uzeeni, akiwa bawabu wa studio moja Kakuma, aliuimba taratibu getini, na Jeanine, mwimbaji wa Kikongo, akamwomba amweleze maneno yake. Ebenyo akayafasiri mstari kwa mstari, kwa Kiswahili safi cha shule ya jioni. Jeanine alilia. Kisha akatia gitaa, akaondoa jina la mpendwa, akaweka "mpenzi".

Kengele yako siisikii tena kisimani,
walikuchukua alfajiri, mpenzi, hukugeuka nyuma.

Sasa makarani wanauimba, bodaboda wanauimba, na Cheruiyot, mtangazaji wa redio, ameahidi kwamba Jumamosi uwanjani atamkutanisha mzee na kipenzi chake cha zamani. Mabibi watatu wamekwisha kupiga simu, mmoja kutoka Kataboi, kila mmoja akiapa kuwa ndiye.

Mara mbili Ebenyo alikwenda redioni kuwaelewesha.

"Mzee, wacha haya," Cheruiyot alimwambia hewani. "Alikuwa mrembo?"

"Nakalale nzima hapakuwa na wa kumfikia. Lakini sikiliza, kijana..."

"Umesikia hiyo, Lodwar?" Na wimbo ukawekwa.

Alirudi nyumbani amefura. Mkewe, Akoru, alikuwa akisonga ugali, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Sokoni wananionea huruma," alisema. "Wananiuliza kama sina wivu."

"Ukawajibu nini?"

"Kwamba siku ya kuniposa ulikuja naye mpaka kwa baba. Mimi ulinitazama mara moja. Yeye ulimwimbia hadi jua likazama."

"Si jambo la kucheka, mama Nabei. Jina lake wamelifuta. Nikifa, nani atalijua?"

Akoru akaacha kucheka, akamsogezea kalamu.

Ebenyo aliandika kwa mwandiko wake bora: "Jeanine, ejok, salamu nyingi. Palipo na 'mpenzi', rudisha Lomeri. Na umwambie Cheruiyot awaarifu wale mabibi: atakayekuja Jumamosi awe na madoa meusi, nundu, na pembe nilizozipinda kwa mikono yangu mwenyewe."

Akalamba bahasha, akaifunga, akampa dereva wa Kakuma.