Wimbo wa Mamba Kivukoni

Zamani, wanyama walipokuwa wakisikia nyimbo kutoka pango moja tu, Chiriku alitunga wimbo wa kuwaonya wenzake kwamba Mamba amehamia kivukoni. Akaupeleka kwa Tembo, mwenye pango, kwa kuwa sauti ikitoka humo ilifika msitu mzima.

“Sauti unayo,” Tembo alisema, “lakini huyo mamba anawatisha wasikilizaji. Mtoe. Imba maji matamu.”

“Bwana mkubwa, bila mamba halitakuwa onyo tena.”

“Basi kaimbe mtini kwako, tuone nani atakusikia.”

Chiriku aliogopa kutosikika kabisa, akaimba alivyoambiwa. Baada ya siku tatu msitu mzima uliuimba wimbo wake.

Asubuhi moja akamwona Paa akishuka kivukoni na wanawe wawili, wote wakiimba maji matamu. Akatua mbele yao, akaimba maneno yake ya kwanza, pamoja na yale ya mamba.

Paa alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho.

“Umekosea maneno, ndugu yangu,” akasema. “Chiriku mwenyewe tumemsikia pangoni, na haimbi hivyo.”

Kisha akawatanguliza wanawe majini.